Nani Anaunga Mkono Hoja ya Kusini?

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Kariakoo, Dar es Salaam



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya mbunge anayewakilisha watu wa mbali. Nimechagua mwambao wetu wa kusini, yaani Rufiji, Kilwa, Lindi na Mtwara. Kama kuna mtu anajiuliza mambo ya Mtwara yanatafuta nini Kariakoo, namwomba akitoka hapa asome vibao vya mitaa. Tuna Mtaa wa Narung'ombe, Mtaa wa Mahiwa, Mtaa wa Tandamti. Hayo ni majina ya mapigano ya mwaka 1917. Narung'ombe ni bara ya Kilwa, walipigana Julai. Mahiwa ni Lindi, walipigana Oktoba, siku nne mfululizo. Mwingereza na Mjerumani waligombana wao kwa wao, lakini mashamba yaliyokanyagwa yalikuwa ya Wamwera na majirani zao, na waliokufa kwa maelfu kwa njaa, kuhara na uchovu walikuwa wapagazi wetu. Kambi ya wapagazi hao ndiyo iliyolipa soko hili jina lake. Kwa hiyo Kusini ilifika Kariakoo zamani sana, kabla hata ya jengo la soko lililofunguliwa mwaka 1975.

Na haikuacha kuja. Vijana wa Kimachinga, Kimwera, Kimakonde na Kingindo ndio waliotembeza bidhaa mkononi katika mitaa hii mpaka nchi nzima ikawaita wachuuzi wote kwa jina lao. Ufuta unaoshushwa hapa, korosho zinazokaangwa na kufungwa kwenye vipakti pembeni ya Msimbazi, vinatoka huko. Umeme unaowasha friji za soda katika Mtaa wa Kongo kwa miaka mingi ulitokana kwa sehemu kubwa na gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, iliyoanza kutufikia Ubungo mwaka 2004, na gesi ya Mnazi Bay, Mtwara. Sasa umeongezeka umeme wa bwawa la Mwalimu Nyerere, na maji yake ni ya Mto Rufiji.

Ninachotaka kusema leo ni hiki. Watu wengi huamini kwamba mikoa ile ilibaki nyuma kwa kukosa wasemaji bungeni. Mimi nimesoma Taarifa Rasmi za Bunge, zile tunazoziita Hansard, na nasema si kweli. Kusini imepata wasemaji hodari, wa vyama vyote, wake kwa waume. Wamesimama, wamesema, na maneno yao yameandikwa. Walichokosa ni mtu wa kusimama pembeni yao na kusema, "Naunga mkono." Na katika waliopaswa kusema hivyo, wa kwanza ni sisi watu wa mjini tunaokula jasho la huko.

Nianze na jirani yetu. Barabara inayopita hapo Mnazi Mmoja tunaiita Bibi Titi. Zamani iliitwa UWT. Wengi wanamjua Bibi Titi Mohamed kwa TANU, kwa sauti yake jukwaani, kwa wanawake aliowatoa majumbani na kuwapa kadi, na kwa kesi ya uhaini ya mwaka 1970 iliyomfunga mpaka alipoachiwa 1972. Wachache wanakumbuka kwamba mzaliwa huyu wa Dar es Salaam alikuwa Mbunge wa Rufiji katika miaka ya mwanzo ya Uhuru. Bunge wakati huo lilikaa Karimjee. Kutoka hapa ni mwendo wa miguu. Mrufiji aliyekuja mjini kuuza mikeka au mchele aliweza kutembea mpaka mlangoni pa jengo ambamo mbunge wake anakaa.

Ukaribu huo wa jengo haukuisogeza Kusini. Miaka ileile, mara baada ya Uhuru, reli iliyojengwa na Waingereza kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya ule mradi wa karanga ulioanguka iling'olewa. Kusini ikabaki bila reli mpaka leo. Barabara ya kwenda huko ilikatwa na Mto Rufiji, na mto haukuwa na daraja. Mwaka 1965 wapigakura wa Rufiji hawakumrudisha Bibi Titi bungeni. Alikuwa mmoja wa viongozi wanawake wanaofahamika kuliko wote nchini, lakini jina kubwa mjini halikumtosha Mrufiji. Mimi najifunza hapo kwamba mtu wa mbali hana haja ya kusifiwa mbunge wake. Anaangalia kivuko.

Wazee mliosafiri kwenda Lindi miaka ya 1980 na 1990 hamhitaji kuhadithiwa kivuko cha Ndundu kwenye Mto Rufiji. Basi likifika ukingoni abiria mnashuka, pantoni iko ng'ambo, au imeharibika, au mto umejaa na nahodha hataki kuvuka. Wenye mizigo ya samaki wakavu wanalala juu ya magunia. Mama mwenye mtoto anatafuta kibanda cha kujihifadhi na mbu wa bonde lile. Masika ikikolea, siku zinageuka wiki, na Mtwara inageuka kisiwa kinachofikiwa kwa meli au kwa ndege. Daraja lilifunguliwa mwaka 2003, lina urefu wa mita 970, na limepewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi, aliyewahi kuwa Mbunge wa Nanyumbu. Ilichukua zaidi ya miaka 40 tangu Uhuru, na ilibidi Kusini itoe Rais.

Hilo la mwisho naomba tulitafakari vizuri, kwa sababu ndipo lilipo tatizo. Kama daraja lilihitaji Rais atoke upande ule, basi miaka yote wabunge wa huko walikuwa wanaomba fadhila. Fadhila haina tarehe. Swali linaulizwa asubuhi, Naibu Waziri anajibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo na inaendelea kutafuta fedha. Mbunge anauliza maswali mawili ya nyongeza, anajibiwa kwamba awe na subira. Mwaka unaofuata swali lilelile linarudi, namba ikiwa imebadilika. Someni Hansard za kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu baada ya daraja, mtaona jinsi lami ya kilomita 60 inavyoweza kumzeesha mbunge.

Na kazi haijaisha. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya Mafia na Kilwa, mvua ilibeba makalvati na kuikata barabara maeneo ya Somanga. Malori yakapanga foleni pande zote mbili. Wenye biashara ya samaki na nazi hapa sokoni waliiona athari kwenye bei kabla hawajaisikia kwenye redio.

Wapo waliojaribu njia nyingine, ya kukataa. Mtakumbuka mwaka 2013. Serikali ilikuwa imeamua kujenga bomba la gesi kutoka Mtwara kuja Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 500, kwa mkopo wa China. Watu wa Mtwara wakauliza: kwa nini gesi isafiri mbichi, mitambo ya umeme ijengwe Kinyerezi, na ajira zibaki Dar es Salaam? Kauli yao ilikuwa fupi: gesi haitoki. Nakumbuka mijini kwetu watu wengi waliichukulia kauli ile kama uchoyo. Tuliwaambia gesi ni ya Watanzania wote, na kweli ni ya wote. Lakini hatukuuliza swali walilokuwa wanauliza wao: kilicho cha wote kikishatumiwa na wote, aliyechimbiwa mlangoni kwake anabaki na nini kilichoandikwa kwenye sheria?

Tarehe 22 Mei 2013, siku hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa Dodoma, Mtwara iliwaka. Watu walikufa. Ofisi zilichomwa, nyumba za baadhi ya viongozi wenyeji wa mkoa huo zilichomwa, jeshi likaingia mitaani. Bomba lilijengwa, likazinduliwa Oktoba 2015. Wabunge wa Kusini walijikuta katikati: wananchi wanawaona wasaliti, na ndani ya chama tawala wanatazamwa kama wachochezi. Hakuna kilichoniuma katika habari ile kama ukimya wa wabunge wa mikoa mingine. Swali la Mtwara lilikuwa swali la Geita, la Mererani, la kila mahali penye mali chini ya ardhi, ila lilipoulizwa na Mtwara likaitwa la Mtwara.

Sasa nifike kwenye korosho, na hapa mniruhusu nikae kidogo, kwa sababu mwaka 2018 ndipo nilipoona mbunge wa pembezoni akifanya kazi yake kwa ukamilifu, na akashindwa.

Kwa asiyejua, korosho ghafi ikisafirishwa nje inatozwa ushuru: asilimia 15 ya thamani yake bandarini, au dola 160 kwa tani, ipi kubwa. Lengo lilikuwa kuwasukuma wanunuzi wabangue hapa nchini. Sheria ya Tasnia ya Korosho, kifungu cha 17A, iligawa fedha hizo. Asilimia 35 iliingia Mfuko Mkuu wa Serikali, asilimia 65 ilirudi kwenye zao lenyewe, kwanza kupitia mfuko wa kuendeleza korosho na baadaye Bodi ya Korosho. Ilinunua pembejeo, ilizalisha miche, ililipia utafiti wa kituo cha Naliendele pale Mtwara.

Tazameni ubora wa kifungu hicho. Mkulima wa Tandahimba hakuwa anaomba kitu. Alikuwa analipwa sehemu ya kile alichozalisha, kwa kanuni iliyoandikwa, awe waziri anampenda au hampendi. Hicho ndicho Mtwara ilichokitafuta kwenye gesi ikakikosa.

Na fedha hizo zilikuwa na kazi inayoonekana kwa macho. Mkorosho una ugonjwa unaoitwa ubwiriunga, unga mweupe unaokaa juu ya maua na machipukizi mapya. Ua likishikwa halizai. Dawa yake ya miaka mingi ni salfa ya unga. Mkulima anaamka alfajiri, anabeba mashine ya kupulizia mgongoni, anaingia shambani kabla upepo haujaamka, wakati majani bado yana umande ili unga ushike. Macho yanawasha, kifua kinabana, nguo zinanuka wiki nzima. Anarudia tena baada ya wiki mbili au tatu, tena na tena, kuanzia mikorosho inapochanua mnamo Juni hadi Septemba. Akikosa salfa Julai, Oktoba hana cha kuokota. Na asipokuwa na fedha za kununulia, anakuja mtu wa kangomba, anampimia korosho ambazo bado ni maua, kwa kopo lake mwenyewe na bei yake mwenyewe. Msimu ukifika korosho si za mkulima tena.

Msimu wa 2017/18 ulikuwa wa neema. Uzalishaji ulifika tani 313,000 hivi, minada ya stakabadhi ghalani ikapita shilingi 4,000 kwa kilo, na korosho ikaiingizia nchi zaidi ya dola milioni 500 kwa mwaka. Ikawa zao linaloongoza. Ndipo Juni 2018 Muswada wa Sheria ya Fedha ukaja na pendekezo la kukibadili kifungu cha 17A, ile asilimia 65 isirudi tena kwenye korosho, fedha zote ziingie Mfuko Mkuu. Wakati huohuo wabunge walikuwa wanadai kwamba hata fungu la miaka miwili iliyopita, zaidi ya shilingi bilioni 200, halijapelekwa kwa wahusika.

Hoja ya Serikali, iliyosimamiwa na Waziri wa Fedha Dkt. Philip Mpango, inastahili kuelezwa kwa haki. Ilikuwa kwamba mapato ya nchi yakusanywe mahali pamoja na kila sekta ipate kwa bajeti, na Katiba kweli inataja Mfuko Mkuu wa Hazina katika ibara ya 135. Lakini ibara hiyohiyo inaruhusu sheria itenge fedha kwa shughuli maalumu. Kwa hiyo kifungu cha 17A hakikuwa haramu. Ulikuwa ni uamuzi wa kisiasa, na ungeweza kwenda upande wowote.

Aliyekuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti wakati huo ni Hawa Ghasia, Mbunge wa Mtwara Vijijini, aliyekuwa waziri katika serikali ya Rais Kikwete. Mwanamke wa CCM, mzoefu, anayejua jinsi fedha zinavyotembea serikalini. Alisimama kutetea kifungu. Nape Nnauye wa Mtama, naye CCM, akasimama. Ahmad Katani wa Tandahimba, wa CUF, Cecil Mwambe wa Ndanda, wa Chadema, Selemani Bungara wa Kilwa Kusini, ambaye nchi nzima inamjua kwa jina la Bwege na kwa lafudhi yake ya Kilwa inayoweza kulichekesha Bunge zima huku ikilichoma, nao wakasimama. Chama kimewekwa pembeni. Tangu mfumo wa vyama vingi urudi, mimi sijaona mikoa miwili ikizungumza kwa kauli moja kama Lindi na Mtwara walivyofanya Juni ile.

Lakini hesabu ilikuwa dhidi yao. Mtwara ilikuwa na majimbo 10, Lindi 8. Kumi na nane kati ya majimbo 264 ya nchi nzima, na mmoja wa wale kumi na wanane, Mbunge wa Ruangwa, ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu, aliyepaswa kuitetea Serikali. Muswada ukapita. Rais Magufuli baadaye akawakemea hadharani wabunge wa Kusini kwa msimamo wao. Mwaka huohuo Hawa Ghasia akajiuzulu uenyekiti wa kamati. Aliyejiuzulu pamoja naye ni makamu wake, Jitu Soni, Mbunge wa Babati Vijijini. Babati, ndugu zangu, haina mkorosho. Kutoka Babati hadi Tandahimba ni safari ya kuvuka nchi. Nilitaka jina lake lisikike katika ukumbi huu, kwa sababu nadhani ni watu wa namna yake Kusini imekuwa ikiwasubiri tangu siku za Karimjee.

Yaliyofuata mnayajua. Msimu wa 2018/19 wanunuzi walileta bei za chini, wakulima wakagoma kuuza, mawaziri wawili wakaondolewa, na Novemba 2018 Serikali ikatangaza itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaenda kubeba. Malipo yakachelewa kwa wengi. Watu wakahakikiwa mashamba yao, watoto wakachelewa ada. Uzalishaji ulishuka mpaka karibu tani 225,000. Sitasema salfa peke yake ndiyo iliyoshusha, maana mvua nayo ina neno. Lakini mkulima aliyekosa pembejeo Julai ile hawezi kuambiwa kwamba mjadala wa Juni ulikuwa wa maneno matupu. Miaka ya karibuni pembejeo zimerudi kugawiwa kwa ruzuku, na tunashukuru. Ila mtaona kwamba mwaka ule tulirudishwa palepale pa fadhila. Kifungu kilipobadilishwa, pembejeo zilisubiri Serikali ipende. Zamani zilitoka kwa kuwa sheria ilisema.

Kuna jambo jingine la wakati ule linalonikaa moyoni. Wakati Nape akitetea korosho, mama wa Mtama hakuweza kumwona mbunge wake moja kwa moja kwenye televisheni ya taifa. Matangazo hayo ya moja kwa moja yalisitishwa Januari 2016, na waziri aliyelitangazia Bunge uamuzi huo alikuwa Nape mwenyewe. Simtaji ili kumsuta. Alikuwa anatekeleza uamuzi wa Serikali. Nalitaja kwa sababu mtu wa mjini alisoma habari asubuhi kwenye gazeti, akapata vipande kwenye simu, akajua. Mtu wa Mtama, ambaye jambo ni lake, alisubiri kuhadithiwa. Kila unapopunguza njia za kulisikia Bunge, wa kwanza kupoteza ni yule aliye mbali zaidi na Bunge.

Sasa tuseme ukweli juu ya mikono iliyofungwa, maana si haki kumlaumu mbunge bila kujua anachoweza. Mbunge hawezi kuleta muswada wa kupandisha au kupunguza kodi, wala wa kutumia fedha za umma, kwa uamuzi wake. Ibara ya 99 inataka pendekezo hilo litoke kwa Rais. Bunge zima likikataa bajeti, ibara ya 90 inampa Rais nafasi ya kulivunja. Mbunge akifukuzwa chama, ibara ya 71 inamwondoa kwenye kiti, hata kama waliomchagua bado wanamtaka. Kwa hiyo mbunge wa chama tawala kutoka Kusini anapopinga bajeti anaweka kiti chake mezani, na wa upinzani anapinga akijua kura zake hazitoshi.

Kilichobaki mkononi mwake ni kidogo, lakini kipo. Anaweza kupeleka jedwali la marekebisho. Anaweza kuomba kura ya majina badala ya ile ya sauti, ambapo wengi wanaitikia "ndiyo" na hakuna atakayejua kesho nani alisema nini. Na anaweza kushika shilingi. Nawaomba vijana mjifunze jambo hili. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika na majibu ya waziri anatangaza kwamba anatoa shilingi katika mshahara wa waziri huyo mpaka apate maelezo ya kuridhisha. Ni shilingi moja tu, haina thamani sokoni. Lakini inalazimisha hoja ijadiliwe, wengine wasimame kuchangia, na waziri atoe ahadi itakayoandikwa. Kisha mwenye shilingi anaamua kuirudisha au Bunge linaamua kwa kura. Shilingi hiyo haina nguvu kama hakuna anayeinuka kumuunga mkono aliyeishika. Nimesoma kurasa nyingi ambamo mbunge wa mbali ameshika shilingi, wakasimama wa mikoa yake miwili mitatu, akajibiwa, akairudisha.

Tujilinganishe na wao. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo mlifunga maduka kupinga kamatakamata ya maofisa wa kodi na utaratibu wa kusajili stoo. Siku ileile ya kwanza Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alifika hapa. Siku mbili baadaye alikaa nanyi viwanja vya Mnazi Mmoja, mawaziri wakiwa pembeni yake, mkazungumza saa kadhaa, kila mtu akamwaga ya moyoni, maagizo yakatolewa palepale. Sikumbuki mbunge yeyote aliyehitajika kushika shilingi. Mlifunga milango na nchi ikasikia, kwa kuwa mfanyabiashara wa Mwanza, wa Lubumbashi na wa Lilongwe ananunua hapa. Nilifurahi, maana madai yenu yalikuwa ya haki. Lakini Mtwara ilipofunga maduka mwaka 2013 ilipelekewa askari, na waziri mkuu aliyewasikiliza ninyi ni mwana wa Ruangwa, Lindi, anayejua kuliko sisi sote umbali uliopo kati ya Kusini na masikio ya nchi.

Nguvu hiyo ya Kariakoo ndiyo ninayoiomba leo. Mwaka ule wa 2018 mkoa wetu ulikuwa na wabunge 10 wa majimbo. Sidai kwamba wao kumi wangebadili matokeo. Kumi hao pamoja na wale kumi na wanane wa Kusini ni 28, bado si wengi. Lakini mbunge wa Dar es Salaam akisimama kutetea korosho, hoja haiitwi tena ya Kusini. Magazeti yapo hapa. Redio zipo hapa. Wanunuzi na wasafirishaji wa korosho wana ofisi zao hapa, na wanajua bei ya masoko ya Tuticorin, India, na ya Ho Chi Minh, Vietnam, kabla mkulima wa Newala hajaamka. Kariakoo ikizungumza juu ya ubwiriunga, Dodoma itauliza ubwiriunga ni nini.

Kila mwaka mwezi Juni, kabla Muswada wa Sheria ya Fedha haujajadiliwa, Kamati ya Bajeti hupokea maoni ya wadau. Wenye viwanda huenda, mabenki huenda, washauri wa kodi huenda na makabrasha yao. Jumuiya za wafanyabiashara wa soko hili nazo huenda, kusema juu ya kodi ya ongezeko la thamani, mashine za risiti na makadirio ya mapato. Naomba mwaka ujao barua yenu iwe na ukurasa mmoja zaidi, unaotaka mgawo wa ushuru wa korosho ulindwe kwenye sheria kwa asilimia inayotajwa, na kwamba halmashauri zinazotoa gesi zijue kwa kifungu, siyo kwa ahadi, fungu lao ni lipi. Mkishaipeleka, nakala mpeni mbunge wetu wa hapa mkononi, mmwombe siku hiyo adai kura ya majina, na jina lake tulitafute kwenye Hansard.